Shujaa Dirishani: Niliyojifunza kwa Kuchanganya Katuni na Watu Halisi

Wanaotuuliza kuhusu mfululizo wetu wa video, ambamo shujaa wa kuchorwa anahudumia watu halisi dirishani, huanza na mitambo. Mlitumia programu gani? Kompyuta yenye uwezo kiasi gani? Mlimtoaje shujaa wa kuchorwa mpaka akaonekana anaongea na mtu wa nyama na damu? Huwajibu kwa ufupi, maana jibu lenyewe halina utamu: programu ni zilezile ambazo kila mtu anazo. Yaliyotutoa jasho ni mambo ya zamani kuliko kompyuta. Mtu aangalie wapi? Anyamaze muda gani? Na nani mwenye haki ya kubadilisha swali wakati jibu limeshatolewa?

Mimi ni mhariri wa video. Riziki yangu naipata kwa kukata mahojiano ya watu wazito wanaosema mambo mazito polepole. Mtu wa kazi hii akikitazama kipindi cha Kimarekani kiitwacho Space Ghost Coast to Coast, hacheki mara moja kama wengine. Kwanza anashtuka, kwa sababu anaona siri za kazi yake zimeanikwa hadharani, tena kwa makusudi.

Space Ghost ni shujaa wa mwaka 1966. Studio ya Hanna-Barbera ilimtengeneza kwa ajili ya televisheni ya CBS, na aliyemsanifu ni mchoraji Alex Toth: nguo nyeupe, kofia nyeusi iliyofunika sehemu ya juu ya uso, joho la manjano, na bangili mikononi zinazotema miale. Akitaka, anatoweka machoni pa watu. Ilikuwa katuni ya mapigano ya kawaida ya watoto, na hakuna aliyekusudia ichekeshe. Mwaka 1991 kampuni ya Turner ikainunua Hanna-Barbera, ikapata na maktaba yake yote ya katuni, na mwaka uliofuata maktaba hiyo ikawa ndiyo shibe ya kituo kipya, Cartoon Network. Halafu, tarehe 15 Aprili 1994, shujaa huyo akarudi hewani akiwa mtangazaji wa kipindi cha mahojiano.

Mike Lazzo wa Cartoon Network na wenzake mjini Atlanta hawakuwa na fungu la kuchora katuni mpya. Walichukua michoro ya zamani, wakaikatakata kwa kompyuta, wakamketisha shujaa nyuma ya meza. Adui yake wa siku nyingi, Zorak, ambaye ni vunjajungu, akawekwa kwenye kinanda awe kiongozi wa bendi. Adui mwingine, Moltar, mwenye mwili wa lava ndani ya vazi la chuma, akawekwa chumba cha mitambo arushe matangazo. Wote wawili ni wafungwa wanaotumikia adhabu, na hawaachi kumwonyesha mwajiri wao kwamba wanamchukia. Wageni, sasa, ni watu halisi: wanamuziki, wachekeshaji, waigizaji. Wanashuka kutoka darini wakiwa ndani ya skrini ya televisheni.

Hapo ndipo nilipopata somo langu la kwanza kuhusu dhihaka, na bado naliona ndilo kubwa. Wengi tukitaka kumcheka shujaa mwenye nguvu za ajabu tunamnyang'anya nguvu. Tunamfanya mnene, mwoga, mlevi, anayeanguka akijaribu kuruka. Inachekesha mara moja. Space Ghost hakunyang'anywa kitu. Bangili anazo, miale anayo, na Zorak anaunguzwa nayo kila anapoleta ufidhuli. Amepewa tu kazi ambayo nguvu hizo hazisaidii. Ana uwezo wa kulipua adui papo hapo, ila hajui kuuliza swali la pili. Mgeni anaeleza jambo la maana kuhusu maisha yake, naye anatazama karatasi mezani na kuuliza kitu kisichohusiana kabisa. Anajiona gwiji. Dhihaka iko katikati ya hadhi anayojipa na kiti alichokalia.

Sisi tulikuwa kikundi kidogo cha watu wenye kazi nyingine mchana. Tukamuumba Kapteni Radi, mwanamume wa kuchorwa mwenye kifua kama kabati, tukampa kazi ya kukaa dirishani kwenye ofisi ya huduma kwa wateja. Watu halisi wanakuja mbele ya dirisha na shida zao halisi, si za kuandikiwa: mmoja alipoteza cheti, mwingine amegombana na dada yake kwa sababu ya deni, mwingine anaogopa mbwa. Kapteni anaweza kunyanyua mlima. Hana ruhusa ya kugonga muhuri.

Shida ikaanzia kwenye macho. Mtu akizungumza na kitu ambacho hakipo, macho yake hayashiki mahali, yanaelea. Mtazamaji hawezi kukueleza kwa nini haamini anachokiona, lakini haamini. Tulijaribu mpira uliofungwa kwenye fimbo, kama wafanyavyo wengi. Waigizaji wenye mafunzo waliumudu. Watu wa kawaida waliutazama kama mpira, na kweli, nani atausimulia mpira ugomvi wake na dada yake? Dawa ikawa kumweka mwenzetu mmoja mrefu kwenye kiti cha Kapteni, aulize maswali kwa sauti yake mwenyewe na asikilize kwa dhati, kisha baadaye tumfute kwenye picha na kumchora shujaa mahali pake. Macho yakatulia siku ileile. Nilichojifunza ni kwamba mtu wa kawaida haigizi kumtazama mtu. Ama anamtazama au hamtazami.

Baada ya macho ukaja mwanga, na huo ulitushinda kabisa mpaka tulipoacha kushindana nao. Filamu ya Who Framed Roger Rabbit ya mwaka 1988, iliyoongozwa na Robert Zemeckis huku Richard Williams akisimamia uhuishaji, ina sehemu moja ambayo taa ya darini inagongwa kichwa na kuanza kubembea. Kila inapobembea, vivuli vya chumba kizima vinahama, na vivuli vya sungura wa kuchorwa vinahama navyo. Hadithi haikuidai taa ile ibembee. Waliigonga tu, kisha wakaichora hesabu yote, picha moja moja, na filamu hula picha 24 kwa kila sekunde. Niliitazama sehemu ile fremu kwa fremu nikafunga kompyuta nikaenda kulala. Sisi hatukuwa na jeshi la wachoraji.

Ila maskini ana njia zake. Angalia tena skrini ya Space Ghost. Mgeni na shujaa hawavuti hewa moja hata mara moja. Mgeni yuko ndani ya boksi lake na mwanga wake, shujaa yuko mezani kwake na rangi zake bapa za mwaka 1966, na mpaka kati yao ni fremu ya televisheni ambayo kila mtu anaielewa. Vivuli havihitaji kulingana. Sakafu haihitaji kulingana. Na mpaka ule ule uliookoa fedha ndio unaozaa kichekesho, kwa sababu watu wawili wasioweza kugusana lazima wategemee maneno, na mmoja wao hana maneno.

Ndipo dirisha la Kapteni likapata kioo. Mwanzoni lilikuwa tundu tu. Tulipoweka kioo, chenye alama za vidole na karatasi ya tangazo iliyobandikwa vibaya, upande wa mteja ukabaki na mwanga wake wa kweli na upande wa Kapteni ukaruhusiwa kuwa katuni tupu. Kioo kikahalalisha tofauti yote. Hata sauti ilinufaika: mteja anasikika karibu, Kapteni anasikika kupitia kipaza sauti kidogo kinachokwaruza, kwa hiyo hatukuhitaji kulinganisha vyumba viwili. Ningeshauri mtu yeyote anayetaka kuchanganya katuni na watu halisi aanze kwa kutafuta mpaka wake kabla ya kuchora mstari wa kwanza.

Kuna njia ya tatu, na ninaitaja kwa sababu ilitufundisha adabu. Mwaka 2016 televisheni ya Fox ilirusha Son of Zorn, habari za shujaa shupavu wa kuchorwa, mwenye upanga na misuli kama wale wa katuni za miaka ya 1980, anayerudi California kuwa karibu na mwanawe na mke aliyeachana naye. Anaajiriwa kwenye kampuni ya kuuza sabuni. Jason Sudeikis ndiye sauti yake, na karibu wengine wote, pamoja na ofisi na barabara, ni halisi. Ilidumu msimu mmoja wa vipindi 13. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu ubora wake, lakini kitu kimoja walikishika barabara: hakuna anayeshangaa kwamba mtu huyu ni katuni. Bosi anamkaripia kwa kuchelewa, siyo kwa kuchorwa. Tulikuwa na mteja mmoja aliyeanza kwa kusema, "Kumbe wewe ni katuni!" na timu yote ikacheka chumbani. Kwenye kuhariri nikaitoa. Sentensi kama hiyo ikibaki, kila kitu kinachofuata kinakuwa utani kuhusu picha, na shida ya mtu haisikiki tena.

Sasa nije kwenye kimya, ambako ndiko nilikobadilika zaidi.

Kazi yangu ya mchana ni kuua kimya. Mtu akisita, nakata. Akimeza mate, nakata. Anaonekana mwerevu kuliko alivyokuwa siku ile, na kila mtu anafurahi. Katika Space Ghost kimya ndicho chakula chenyewe. Mgeni anamaliza jibu, kisha tunarudi kwa shujaa, naye anatazama tu. Anapepesa macho. Hakuna muziki. Tunarudi kwa mgeni, ambaye naye anatazama. Ukijua Hanna-Barbera walivyofanya kazi unaelewa kimya hicho kimetoka wapi. Walibana matumizi kwa kuacha mwili umetulia na kusogeza kinywa peke yake, au mkono peke yake. Yogi Bear alivalishwa kola shingoni ili kiungo cha kichwa na mwili kisionekane, kichwa kichorwe upya bila kugusa mwili. Ukiwa na maktaba ya michoro ya namna hiyo, pozi la shujaa aliyeduwaa unalo tele. Watu wa Atlanta waliona kwamba kuduwaa huko kwa bei nafuu kunaweza kusimama badala ya mawazo.

Kwa nini kunasimama? Kila aliyepita darasa la filamu amesikia habari za Lev Kuleshov, Mrusi wa enzi za filamu zisizo na sauti, aliyeunganisha uso uleule wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin na picha tofauti, ikiwemo bakuli la supu na jeneza. Uso haukubadilika, lakini watazamaji waliusoma kuwa na njaa hapa na huzuni pale. Nililijua somo hilo kwa kichwa miaka mingi. Niliamini nilipomkata Kapteni. Tuna mchoro mmoja wa Kapteni akitazama mbele, kope zikishuka mara moja. Baada ya mama mmoja kueleza kwamba hajaongea na dada yake tangu mazishi ya baba yao, niliuweka mchoro huo na kuuacha. Watu walituambia Kapteni alikuwa karibu kulia. Baada ya kijana aliyelalamika kwamba jogoo wa jirani anamwamsha saa ambazo si zake, niliuweka mchoro uleule. Watu walisema Kapteni alikuwa anawaza kumlipua jogoo.

Hila ya kimya ni kipimo. Kikiwa kifupi, watu wanadhani umekosea kukata. Kikirefuka kidogo, wanacheka. Kikirefuka zaidi, wanaacha kucheka na kuanza kuudhika, na ukiwa na roho ngumu ya kuendelea, wanacheka tena, kicheko kingine, cha kusalimu amri. Kipindi kimoja ambacho mgeni wake alikuwa Conan O'Brien kinaishia na Space Ghost akimfuata sisimizi mmoja, dakika baada ya dakika, bila kinachotokea. Mwenzangu mmoja alizima katikati akisema hawa watu wana dharau. Mimi nilikesha nikikipima. Hatujawahi kufika mbali hivyo, na sidhani tutafika. Watu wetu wanakuja dirishani na shida zao, si haki kuwaacha wasubiri sisimizi.

Kuhusu sauti nitasema machache. George Lowe, aliyempa Space Ghost sauti, aliongea kwa uzito wa mtangazaji anayesoma habari muhimu, hata sentensi ikiwa upuuzi mtupu. Adam West alifanya vivyo hivyo katika Batman ya mwaka 1966, mfululizo wa watu halisi uliofunguka kwa katuni na kurusha maneno ya kuchorwa kwenye skrini kila ngumi ilipotua. Hakukonyeza hata mara moja. Mwaka 1995 West mwenyewe alikuwa mgeni wa Space Ghost, pamoja na Lee Meriwether na Eartha Kitt, waliowahi kuigiza Catwoman, adui wa Batman, kwa nyakati tofauti. Kwetu, tulijaribu wachekeshaji wawili kwa sauti ya Kapteni, wote hodari, na wote waliharibu kwa kutujulisha kwamba wanachekesha. Tuliyemchukua ni mzee mmoja anayesoma matangazo ya vifo na harusi redioni. Hakuwahi kuuliza kwa nini mistari yake inachekesha. Anaisoma kama ilivyo na kuomba maji.

Kisha kuna suala la swali. Wageni wa Space Ghost walihojiwa kweli na watu wa kipindi, halafu maswali yakaandikwa upya chumbani na majibu yakawekwa chini yake. Mgeni anajibu jambo moja, kwenye televisheni anaonekana kajibu jingine. Kwa mtu maarufu anayejua amekuja kwenye kipindi cha kejeli, sawa. Ana wakala, ana jina, kesho atahojiwa kwingine. Lakini mbinu ni ileile ambayo mtu mwenye nia mbaya angeitumia kumwangamiza mwenzake, na mhariri yeyote anayesema hajui hivyo anakudanganya. Hatuhitaji akili bandia kuzua uongo. Mkasi unatosha.

Watu wetu si maarufu. Kwa hiyo tukakubaliana mapema: swali la Kapteni tunaweza kulibadilisha ili Kapteni aonekane mjinga, kamwe si ili mteja aonekane mjinga. Na kila mteja anatazama toleo lake kabla halijatoka, akiwa na haki ya kufuta chochote bila kutoa sababu. Nilitegemea kupoteza nusu ya vichekesho vyetu. Ikawa kinyume. Wengi walitaka tuzidishe. Baba mmoja alituomba turudie kipande ambacho Kapteni anamwita kwa jina lisilo lake, kisha akaja na mkewe akione tena.

Anayenijia akilini zaidi ni muuguzi mstaafu. Alicheka mwanzo mpaka mwisho, akafuta machozi, akaturuhusu. Alipofika mlangoni akarudi. "Mwanangu," akaniambia, "pale ninapocheka, ondoa." Nilimweleza kwamba pale ndipo panapopendeza. Akasema anajua panapendeza. Ila kicheko chake nilikuwa nimekisogeza, kutoka dakika nyingine, kikaangukia muda mfupi baada ya kumtaja mgonjwa aliyewahi kumhudumia. Mgonjwa hakutajwa jina, hakuna ambaye angemtambua. "Mimi ningemtambua," alisema. Nilikiondoa mbele yake. Tangu hapo kicheko cha mtu sikisogezi. Nakiacha kilipozaliwa au nakitupa.

Na mabaki yasitupwe. Tamthilia ya katuni Aqua Teen Hunger Force ilitokana na wahusika waliobuniwa kwa ajili ya mswada wa Space Ghost uliowekwa kando, na ikaja kuwa miongoni mwa nguzo za Adult Swim, safu ya usiku ya Cartoon Network iliyoanza Septemba 2001 ikiendeshwa na watu walewale wa Atlanta. Sisi tuna mfagizi. Tulimchora apite nyuma ya Kapteni kwa sababu ukuta ulikuwa mtupu. Sasa watu wanauliza habari zake kuliko za Kapteni, na ana folda yake.

Kinachotugawa kwa sasa ni kipindi cha mwisho cha msimu. Mchoraji wetu anataka Kapteni atumie nguvu zake walau mara moja, zifanye kazi, mteja aondoke na alichokifuata. Anasema watazamaji wamevumilia vya kutosha. Mimi nasema siku radi itakapogonga muhuri tutakuwa tumetengeneza katuni ya mashujaa kama nyingine, na zipo nyingi nzuri kuliko yetu. Mzee wa redio aliposikia mabishano alisoma miswada yote miwili kwa sauti ileile ya matangazo ya vifo, kisha akauliza kama atalipwa kwa yote miwili. Tumekubali kumlipa. Mswada wangu una mstari ambao Kapteni anaambiwa ombi lake la likizo limerudishwa kwa sababu picha aliyoambatisha imevaa barakoa, na kwa huo sitarudi nyuma.